Kompyuta Sita Zitoke Kabatini

Maneno haya yalisemwa kwenye mkutano wa wazazi, walimu na viongozi wa kata. Yameandikwa hapa karibu kama yalivyotamkwa.

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mtendaji wa Kata, Afisa Elimu Kata, walimu wakuu, viongozi wetu wa dini, wazee wangu na wazazi wenzangu, itifaki imezingatiwa. Wazee, shikamooni. Na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma chini ya mwembe, habari za asubuhi.

Nimeomba nafasi hii kwa ajili ya zile kompyuta sita tulizoletewa na vijana wetu wanaofanya kazi mjini. Ni nzima zote. Ziko kabatini, kabati lina kufuli, na ufunguo anao mtu mmoja. Katika kikao kilichopita ilisemwa zisubiri mpaka tupate mwalimu wa kompyuta, na waliosema hivyo ni watu wanaoipenda shule hii kwa dhati. Waliuliza maswali ya haki. Kompyuta sita zitamfaa nani penye watoto mamia? Nani atawafundisha? Na mtoto wa darasa la pili ambaye hata Kiswahili hajakisoma vizuri, ataelewaje mashine iliyojaa Kiingereza? Nitaanza na lile la kwanza, maana ndilo linalowakatisha tamaa wengi, na mimi naliona jepesi kuliko yote.

Twendeni India. Tarehe 26 Januari 1999, eneo la Kalkaji jijini New Delhi, mtafiti aitwaye Sugata Mitra alitoboa ukuta. Upande mmoja wa ukuta ule zilikuwa ofisi za NIIT, kampuni ya mafunzo ya kompyuta alikokuwa akifanya kazi. Upande wa pili ulikuwa mtaa wa mabanda, makazi ya watu maskini, na watoto wengi wasioenda shule. Kwenye tundu lile akaweka kompyuta yenye intaneti, kioo kikitazama mtaani, na kifaa cha kusogezea mshale kwa kidole. Hakuweka mwalimu wala maelekezo. Watoto wakaja, wakagusa, wakaona kitu kinatembea kwenye kioo, wakaitana. Haikuchukua muda wakawa wanafungua kurasa za intaneti, wanachora picha, wanacheza michezo, na kila aliyegundua jambo akawa anamwonyesha mwenzake.

Baada ya Kalkaji yalifuata maeneo mengine. Kwanza Shivpuri katika jimbo la Madhya Pradesh, kisha Madantusi kule Uttar Pradesh, kisha vijiji vingi, na mwaka 2005 Mitra na wenzake wakachapisha matokeo kutoka vituo 17. Vibanda hivyo vilijengwa kwa kimo cha mtoto, na kibodi ikafunikwa kwa namna ambayo mkono mdogo unapita vizuri lakini mtu mzima anapata tabu, ili sisi wakubwa tusiwapore watoto nafasi yao. Napenda sana kwamba kuna mtu alikaa akalifikiria hilo.

Sasa naomba mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu ndipo hoja yangu ilipo. Kwenye vituo vile mtoto hakuwa akikaa peke yake mbele ya kioo. Mmoja ameshika, wawili watatu wamembana ubavuni wanamwambia bonyeza pale, siyo hapo, rudi nyuma, na nyuma yao limesimama kundi zima linalotoa ushauri ambao haujaombwa. Anayetaka kuliona kundi hilo aende kibanda umiza jioni ya mechi ya Simba na Yanga. Televisheni ni moja na kila aliyelipa kiingilio ni kocha. Mitra anaeleza kwamba watoto walipopimwa, hata wale wa nyuma ambao mikono yao haikugusa sana mashine, nao walikuwa wamejifunza kwa kutazama.

Mimi nimefundisha darasa la kwanza na la pili mpaka nikastaafu, na wengi mlioko hapa mlipitia mikononi mwangu. Habari hiyo ya India haikunishangaza hata kidogo. Mtoto akikwama mbele ya mwalimu, ananyamaza. Anaogopa kukosea, anaogopa kuchekwa, anasubiri kengele. Mtoto huyohuyo akikwama mbele ya rafiki yake, anauliza papo hapo, tena kwa sauti, na rafiki anamjibu kwa maneno ya kitoto ambayo sisi walimu tumeshayasahau. Na yule anayejibu anafaidika zaidi, kwa sababu ili amweleze mwenzake inabidi kwanza alipange jambo lenyewe kichwani. Mmenielewa? Kundi lile lililosongamana ndilo linalofundisha. Mtoto aliyepewa kompyuta yake mwenyewe chumbani, akikwama hana wa kumuuliza, na mara nyingi anarudi kwenye kile alichokwisha kukizoea.

Sisemi uhaba ni mzuri. Nimefundisha watoto watano kwa kitabu kimoja na najua ubaya wake: jioni mmoja anaondoka na kitabu na wanne wanaenda nyumbani mikono mitupu. Kompyuta zikija sitini nitazipokea kwa vigelegele. Ninachosema ni kwamba sita zinatosha kuanza, na watoto watano kwenye moja siyo balaa la kutufanya tufunge kabati.

Nani atawafundisha, basi? Hapa napo Mitra ana mfano. Katika kijiji cha Kalikuppam, jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, aliweka kompyuta zenye masomo ya baiolojia ya vinasaba, kwa Kiingereza, mbele ya watoto wa miaka 10 hadi 14 wanaozungumza Kitamil. Kwa akili ya kawaida jambo hilo haliwezekani. Hawakuwa wanajua chochote juu ya somo lile walipoanza. Baada ya miezi kadhaa ya kuhangaika wenyewe, wastani wao ulifika kama asilimia 30. Siyo kufaulu, lakini siyo sifuri. Halafu akamwomba mtu mzima wa palepale, ambaye naye hakuwa akilijua somo lile, awe anakaa nao. Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma yao, kutazama, kushangaa, kuuliza: hebu nionyeshe, hapo umefanyaje? Alama zikapanda hadi karibu asilimia 50, zikalingana na za watoto wa shule moja ya watu wenye uwezo jijini New Delhi.

Mitra aliiita mbinu ya bibi, na mwaka 2009 alianza kukusanya watu wa kujitolea, wengi wao Uingereza na wengi walimu wastaafu, wawe wanaongea na watoto wa India kwa njia ya video. Jambo hilo ni zuri. Lakini akina bibi sisi tunao hapahapa, wamekaa safu ya mbele, na hawahitaji intaneti ili wafike shuleni. Bibi asiyejua kusoma anaweza kumwambia mjukuu wake, nisomee hilo lililoandikwa hapo. Mtoto akisoma kwa kubabaisha, bibi atajua. Mtoto akisoma vizuri, bibi atafurahi, na mtoto atataka kumfurahisha tena kesho.

Wazee wenzangu, tuliyajua haya zamani. Kumbukeni mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Nchi nzima watu walikusanyika kwenye vikundi kuizunguka redio moja, wakasikiliza kipindi, kisha wakajadili malaria, kichocho, kuhara, maji ya kunywa. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake aliyepata mafunzo mafupi. Hakuwa daktari, alikuwa jirani. Walioshiriki walikuwa kama milioni 2. Vyoo vilichimbwa, nyasi zikafyekwa, madimbwi yakafukiwa. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini nakumbuka wakubwa wakibishana mpaka giza linaingia kuhusu jambo walilolisikia redioni. Hakuna aliyesema tusubiri kila kaya iwe na redio yake.

Sitawaficha upande wa pili, kwa sababu baadhi yenu mtausoma kwenye simu zenu mkifika nyumbani. Ya India hayakuwa mazuri yote. Mark Warschauer, mtafiti wa Marekani, alikwenda kuangalia vibanda vya New Delhi na akakuta intaneti inakatikakatika, wavulana wametawala, muda mwingi ni michezo na kuchora, na wazazi wengine hawajui wafurahi au walalamike. Payal Arora naye alifuatilia vituo viwili vya milimani huko Almora na Hawalbagh, akakuta havifanyi kazi tena. Mradi ulipoondoka, hakukuwa na mtu wa pale aliyeona kwamba kibanda kile ni chake.

Nchini Peru serikali ilifanya kitu tofauti. Iligawa kompyuta ndogo za mradi ulioasisiwa na Nicholas Negroponte wa chuo cha MIT, uliotaka kila mtoto awe na yake. Ziligawiwa mamia ya maelfu. Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ikafuatilia shule 319 za vijijini, na mwaka 2012 ikatoa matokeo: kompyuta zilifika kweli, ziliongezeka mpaka kukawa na zaidi ya moja kwa kila mwanafunzi, lakini alama za hisabati na lugha hazikupanda. Palikuwa na dalili njema kwenye vipimo vya kufikiri kwa jumla, na hilo tulitaje kwa haki. Kusoma na kuhesabu, hapana.

Kwa hiyo ninaposema tufungue kabati, sisemi tuzimwage kompyuta uwanjani halafu twende shambani. Kufungia kabatini na kutelekeza uwanjani, yote mawili yananyima watoto. Mtoto anajifunza mwenyewe, lakini hajifunzi katika upweke, na wala hajifunzi kwenye mashine iliyokufa betri tangu mwezi uliopita.

Nije sasa kwenye lugha, na hapa nazungumza kwa fahari kwa sababu jibu limetoka nyumbani, mkoani Tanga.

Mwaka 2014 taasisi ya Marekani iitwayo XPRIZE ilitangaza shindano la dola milioni 15. Atakayetengeneza programu ya kumwezesha mtoto kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu, ndiye mshindi. Walipofika hatua ya majaribio walichagua Tanzania na wakachagua Kiswahili. Kuanzia mwishoni mwa 2017, kwa miezi 15, watoto wapatao 2,700 katika vijiji 170 hivi vya Tanga, vijiji vya ndani kabisa, walipewa vishikwambi. Serikali yetu, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani walishiriki kuufanikisha mradi. Vijijini vikawekwa vituo vya sola vya kuchajia, na hapo ndipo watoto walipokuwa wakikutana. Timu tano ziliingia fainali, kila moja na programu yake.

Nawaomba mfikirie watoto hao walikuwa akina nani. Kabla ya kuanza, ilielezwa kwamba asilimia 74 hawakuwahi kwenda shule. Asilimia 80 hawakuwahi kusomewa chochote nyumbani. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Hawa ni watoto wa vijiji kama chetu, wanaokwenda na mbuzi asubuhi na kurudi na kuni jioni. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma kabisa ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 ushindi ukagawanywa kati ya timu mbili, Kitkit School na onebillion, kila moja ikachukua dola milioni 5.

Nusu. Nilipolisoma hilo nilifurahi, kisha nikakaa kimya muda mrefu. Nilifurahi kwa sababu najua kazi ya kumtoa mtoto kwenye kutojua hata herufi mpaka akasoma neno; nimeifanya, najua inavyokausha koo. Kompyuta kuifanya kazi hiyo na mtoto asiye na shule ni jambo kubwa, na anayelidharau hajawahi kufundisha darasa la kwanza. Lakini nikafikiria na ile nusu nyingine. Walikuwa na kifaa kilekile, sola ileile, miezi ileile. Bado hawakusoma. Hao ndio wanaonileta mbele yenu leo. Mtoto anayejiweza atafika, hata tukimpa nusu saa kwa wiki. Kuna mwingine ambaye asipopata mtu wa kukaa naye bega kwa bega, atabaki nyuma ya kundi, anatazama migongo ya wenzake, na sisi tutahesabu kwamba naye alikuwepo.

Faida moja ya shindano lile wengi hawaijui. Masharti yalizitaka timu za fainali ziache kazi zao wazi, mtu yeyote azichukue na kuzitumia bure. Maana yake masomo ya Kiswahili yaliyojaribiwa Tanga tuna haki ya kuyatumia. Yalitengenezwa kwa vishikwambi, na kijana mmoja anayejua mambo haya anaweza kutusaidia kuyaweka kwenye kompyuta. Tena si hayo tu. Hadithi za African Storybook zipo kwa Kiswahili, bure. Wikipedia ya Kiswahili inaweza kupakuliwa yote na kusomwa bila intaneti kwa programu inayoitwa Kiwix. Wenzetu wa Ubongo wa Dar es Salaam wana vipindi vya hesabu na sayansi ambavyo watoto wenu wanavijua kwa nyimbo. Yote hayo yanabebwa kwenye diski moja ndogo. Hatuhitaji kununua bando.

Walimu wangu, nanyi baadhi yenu mna vile vishikwambi mlivyopewa baada ya kutumika kwenye Sensa ya 2022. Nawaomba kwa heshima, wekeni hadithi hizo humo pia.

Sasa nieleze ninachokiomba hasa. Naomba kompyuta ziwekwe kwenye lile darasa la mwisho lenye nondo madirishani, milango ikiwa wazi na meza zikiwa karibu na dirisha, ili anayepita njiani aone kinachoendelea ndani. Jambo hilo si dogo. Wazazi wananiuliza kuhusu picha chafu na mambo mabaya ya mitandaoni, na wako sahihi kuuliza. Hatutakuwa na intaneti kwa kuanzia. Na hata tukija kuwa nayo, kioo kinachoonwa na watu wote hakifichi kitu. Mtoto huyapata mabaya kwa urahisi zaidi kwenye simu iliyoko mfukoni mwa kaka yake.

Naomba wasichana wawe na siku zao, na nitalisimamia hili mpaka mwisho. Nimewasomea kilichoonekana New Delhi. Hapa kwetu itakuwa vilevile, kwa sababu saa kumi jioni mvulana yuko huru na msichana yuko kisimani, au amembeba mdogo wake mgongoni. Tukisema tu kwamba mlango uko wazi kwa wote, watakaoingia ni wavulana. Kwa hiyo Jumanne na Alhamisi ziwe za wasichana peke yao, na anayekuja na mdogo wake mgongoni aingie naye. Akina mama, ombi langu kwenu kuhusu siku hizo mbili ni gumu kuliko la kompyuta zenyewe: maji achote mwingine.

Watoto wakae wanne au watano kwenye mashine moja, na aliyeshika abadilishwe kila baada ya muda, maana kila kundi lina mbabe wake. Wakicheza gemu tusiwafukuze. Mtoto huanza na mchezo. Akishauzoea mkono wake ndipo anapotafuta kingine, na hapo ndipo mtu wa zamu anapomwambia, hebu nisomee hadithi hii.

Kuhusu umeme na uharibifu. Luku ya shule haiwezi kubebeshwa mzigo huu, hivyo kamati ikubali tuchangie. Tunaye fundi simu hapa senta, kijana wetu tunayemjua, amekubali kuzipitia mashine mara moja kwa mwezi kwa malipo madogo. Kitu kitaharibika. Kibodi itamwagiwa chai, kitufe kitang'oka. Tukubaliane leo kwamba mtoto hatapigwa kwa sababu hiyo, kwani siku tutakayompiga mmoja, wengine wote hawatagusa tena, na tutabaki na kompyuta safi zisizomfaa mtu.

Tusiache pia kuwapima. Mwalimu wa KKK awasikilize watoto wote wakisoma kabla hatujaanza, aandike daftarini nani anasoma nini, na tuwasikilize tena shule zitakapofungwa. Majina ya wasiosogea yaletwe kwa watu wa zamu, ili hao ndio waitwe wakae mbele.

Watu wa zamu ndio ombi langu la mwisho. Nahitaji watu wazima wawili kwa kila jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Si lazima ujue kompyuta. Si lazima ujue kusoma. Inatakiwa ufike kwa wakati, ukae, utazame, uulize, na ufunge mlango magharibi. Karatasi iko mezani kwa Mwenyekiti wa kamati ya shule. Mimi nimeshaandika jina langu Jumanne na Alhamisi, na bibi mmoja wa safu ya mbele ameniambia niandike na lake. Jumatatu na Ijumaa bado ziko wazi.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Naomba uruhusu maswali, kisha tupige kura.